Nyongeza ya Fundi Antipasi

Bibi Damari wa Misigiri ameuza kuku wa kienyeji miaka thelathini, na mzani wake wa betri ni kwa ajili ya wateja wasiomwamini tu. Yeye mkono unamtosha. Kwa hiyo mjukuu wake Jenipher alipompakatisha ile injini, aliipandisha na kuishusha kama jogoo wa Krismasi, kisha akasema, "Hii imepita kilo tatu, mjukuu wangu."

Wakaitundika. Kilo tatu na robo.

Jenipher akakaa juu ya tenga. Miaka miwili alikuwa akiibuni injini hiyo ndani ya banda la kuku, ndogo na nyepesi, ya kurusha kandege kasiko na rubani kapeleke dawa kwenye zahanati za mbali. Ilitumia gesi ya haidrojeni, na badala ya moshi ilitoa mvuke wa maji, uvuguvugu ambao kuku waliupenda mno. Kesho yake alitakiwa mbele ya wakaguzi Singida mjini. Injini ikizidi kilo tatu, hairuki.

Bibi aliigeuza, akagonga kitako chake kwa ukucha. Jenipher aliagiza kitako cha alumini. Fundi Antipasi, mchomeleaji jirani yao, alikuwa amekitengeneza kwa chuma cha plau, akakipaka rangi ya fedha, akakataa malipo. "Nimekuongezea, binti, kisije kikakuvunjikia," alisema alipokileta juzi, na tangu hapo alikuwa amepita mara tano kukitazama.

Jenipher alitaka wakifungue kimyakimya. Bibi hakukubali. Mtu akikupa kizuri chake, hukibandui akiwa hayupo. Akamkamata jogoo wake mkubwa, akamfunga jiwe mguuni, akaenda naye karakana.

Antipasi alimpa shikamoo yake, akamtazama jogoo anavyoburuta mguu, akauliza amekosa nini.

"Nimekuletea zawadi," Bibi akasema. "Jiwe ni nyongeza."

"Sasa Bibi, jiwe nilifanyie nini?"

"Hata kandege ka Jenipher kanauliza hivyo hivyo juu ya kitako chako."

Jogoo alijaribu kurukia benchi, akarudi chini kama gunia. Antipasi alicheka mpaka akaketi, halafu akaona haya. Akaeleza kwamba aliogopa kitu cha mtoto kivunjike mbele ya wageni. Bibi alimjibu kuwa analijua hilo, ndiyo maana hakumtuma mtu, amekuja mwenyewe.

Jioni fundi alileta kitako cha alumini, amekitoboa matundu kama chujio. Kile cha chuma Bibi alikiomba akakipeleka jikoni, na chungu chake cha maharage hakijawahi kukaa kwa heshima namna ile.

Wakatundika tena. Kilo mbili na gramu mia tisa tisini. Antipasi alizisoma namba mara mbili.

"Zimebaki gramu kumi," akasema taratibu, na mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni. "Skrubu moja tu, binti. Ndogo."

Jenipher alimtazama bibi yake. Bibi alikuwa akitazama paa.

Kesho yake mzani wa Singida ulisoma kilo tatu kamili, kandege kakaruhusiwa kuruka, na hakuna mkaguzi aliyeuliza ile skrubu inashikilia nini.