Lango la Nyuma

Fundi cherehani alikuwa na jina alilobandikwa na majirani: Mama Kufuli. Miaka miwili nyuma, wezi walipobeba madawati ya shule, ndiye aliyeshikilia kwenye kikao cha wazazi kwamba lango la nyuma lifungwe moja kwa moja. Mama Pacha, jirani yake, alilalamika kuwa watoto watazunguka mbali. Fundi akamjibu kwamba kuzunguka hakujaua mtu, kikao kizima kikacheka. Ufunguo akakabidhiwa yeye, akautia kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo.

Sasa shule ilikuwa imefurika, na ofisi ya elimu ikagawa mipaka upya: anayekaa zaidi ya kilomita moja ahamie shule mpya, ng'ambo ya barabara kuu. Mpimaji alipita mtaani akisukuma gurudumu lake la kupimia umbali. Kutoka kwa fundi hadi lango la nyuma ni hatua mia mbili. Kengele huisikia akiwa jikoni. Lakini gurudumu lilizunguka hadi lango la mbele, likasoma kilomita moja na mita sitini.

Mita sitini tu! Na kitindamimba wake haoni kwa jicho la kulia, upande uleule yanakotokea magari.

Fundi akaacha nguo za watu, akaenda ofisini. Mpimaji hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwonyesha muhtasari wa kile kikao, na sahihi yake fundi chini.

“Lango lililofungwa moja kwa moja, mama, kwetu ni ukuta,” alisema. “Na orodha ya wanaohama imeshapelekwa.”

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu aliingia na watoto wa wenzake. Pacha nao walikuwa kwenye orodha. Jioni mama yao alipobisha hodi, fundi alijikaza, akitarajia kurudishiwa maneno yake ya kikaoni. Jirani alisema tu kwamba wapokezane zamu ya kuwavusha watoto. Fundi aliona heri angetukanwa.

Asubuhi ya kwanza, kengele ya shule ya zamani ililia wakiwa bado ndani. Mtoto alikuwa amefungua droo, ufunguo uko mkononi.

“Mama, si huu hapa? Twende tukafungue.”

Fundi aliuchukua, akaurudisha kwenye vifungo. Kisha akasimama upande wa jicho bovu, akamshika mtoto mkono, wakaelekea barabara kuu.