Jinsi Dansi ya Ruka-Paka Ilivyozaliwa

Dobi alikuwa na mtoto wa miezi saba ambaye mtaa mzima ulimwita King'ora. Kitandani halali, kwa wimbo halali. Alilala mgongoni kwa dobi mama yake tu, tena mama awe anapiga pasi. Na pasi yenyewe ya mkaa: hatua mbili mbele ukiipunga makaa yashike, moja nyuma cheche zisikuunguze, nyonga kulia kuisukuma droo isiyofungika, kisha unamruka paka, aliyejilaza pale pale kila siku kama mwenye nyumba.

Siku ya harusi ya wifi yake, bibi harusi alimvuta pembeni.

"Wifi, nakupenda, lakini King'ora akilia tu, mnatoka nje wote wawili!"

"Halii, wifi."

"Halii? Juzi jirani alitoa godoro nje akidhani nyumba inaungua!"

Dobi alikuwa ameingoja harusi hii miezi mitatu. Gauni lake alilinyoosha mara nne. Kutoka nje? Thubutu! Kwa hiyo King'ora alipokunja uso na kidevu kikaanza kutetemeka, alimfunga mgongoni chapuchapu, akashika kipochi kama pasi, akaingia katikati ya ukumbi. Mbili mbele. Moja nyuma. Nyonga. Ruka!

Kidevu kikatulia.

Mwalimu wa dansi, ambaye viatu vyake viling'aa kuliko vya bwana harusi, akabaki mdomo wazi. "Loo, mtindo mpya huo!" Akajipanga nyuma yake. Mashangazi watatu wakafuata, mmoja na sahani yake mkononi. Punde ukumbi mzima ulikuwa ukimruka paka asiyekuwepo.

Bendi ikachoka, ikanyamaza. King'ora akafumbua jicho moja, akavuta pumzi ndefu.

"Pigeni!" bibi harusi akapiga yowe, shela limemwangukia puani. "Jamani pigeni! Na nyie, rukeni!"

Hata keki ilikatwa kwa awamu, kila wakitua.

Wiki iliyofuata Dobi alipompelekea mwalimu suruali zake, alimkuta akiwafundisha wanafunzi: "Dansi hii asili yake ni kasri la kale. Huku kuruka ni kuvuka mto wa mapenzi."

"Mwalimu, ni paka."

"Paka gani?"

"Njoo kibandani kwangu ninapopigia pasi. Bado amelala."

Na picha za harusi? Wifi amezitundika sebuleni zote. Watu wote wako hewani, bibi harusi juu kupita wote, na aliyefumba macho kwa raha zake ni King'ora peke yake.