Besi kwenye Harusi ya Kilole

Daktari wa hospitali ya wilaya pale Handeni aliinua ile picha ya kifua, akaielekeza dirishani na kuitazama kwa muda. Kisha akaiweka mezani.

"Mzee Ernesti, mapafu yako ni mazima. Kuna makovu ya zamani tu. Nenda kaendelee na kazi zako."

Ernesti akashukuru, akachukua kofia yake. Alikuwa ameshafika mlangoni mkewe, Raheli, aliposema bila kuinuka kwenye benchi, "Samahani, daktari. Anaweza kupuliza tarumbeta?"

Daktari alidhani hakusikia vizuri. "Tarumbeta?"

"Lile kubwa. La besi."

"Apulize tu, mama," daktari akacheka. "Kwani nani alimkataza?"

Ukweli ni kwamba madaktari waliomkataza walimkataza kwa mwaka mmoja. Miaka mingine yote iliyofuata Ernesti aliiongeza mwenyewe.

Zamani, miaka ile ya kwanza ya uhuru, Ernesti alikuwa akiishi Kilole, mjini Korogwe, na alikuwa mpiga besi wa kundi la matarumbeta la kanisa. Walikuwa watu saba. Matarumbeta yao yalikuwa makuukuu, yamebonyea kama masufuria ya msibani, lakini yalipopita barabarani watu walitoka nje kuyasikiliza, Wakristo kwa Waislamu. Besi haina sifa. Hakuna anayerudi nyumbani kutoka harusini akiimba sauti ya besi. Ila ikinyamaza, hata asiyejua muziki huhisi kuna kitu kimeondoka chini ya miguu yake. Ernesti aliipenda kwa sababu hiyo. Alikuwa fundi seremala, na alizoea kutengeneza vitu ambavyo watu huvikalia bila kuvitazama.

Mwaka wa Azimio la Arusha alianza kukohoa. Alikunywa dawa za mitishamba, akanywa na za dukani, akajiambia ni vumbi la mbao. Siku moja walikwenda kupiga kwenye mazishi mtaa wa Old Korogwe. Wakiwa ubeti wa pili, kaburi likiwa wazi na wafiwa wamesimama, kitu cha moto kilimpanda kooni na damu ikajaa ndani ya kile kipande cha kupulizia. Ikamwagika kwenye shati lake jeupe. Wenzake walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Marehemu akazikwa bila muziki, na Ernesti akaondolewa pale ameshikwa mikono huku na huku, watu wakimpisha njia upana wa barabara.

Alilazwa muda mrefu katika hospitali ya kifua kikuu, mbali na nyumbani. Akapona. Lakini aliporudi Kilole aliona kila anayemsalimia anarudi nyuma hatua moja. Labda walirudi, labda hawakurudi. Yeye aliona hivyo. Aliposikia kwamba kijiji cha ujamaa kule Misima kinatafuta fundi wa kutengeneza madawati ya shule, alimwambia Raheli wafunge mizigo. Huko hakuna aliyemjua. Wazigua wa Misima walimpokea vizuri, wakampa kiwanja na sehemu ya shamba, na jirani yake Mdoe akamfundisha namna ya kulima udongo wa kule, maana wa Korogwe aliouzoea ulikuwa mwingine. Tarumbeta hakulitaja. Akienda Korogwe kununua misumari, alichagua siku za katikati ya juma, asije akalisikia.

Raheli aliyaona yote hayo na hakusema kitu, mpaka siku ile kwa daktari.

Haukupita mwezi, Isaka akashuka kwenye basi pale Misima, amevaa koti la reli, mfuko wa kitambaa begani. Isaka alifanya kazi stesheni ya Korogwe, na katika kundi alikuwa akipiga sauti ya pili. Yeye na Ernesti walikua pamoja milimani, Usambara, kabla ya kushuka mjini. Alimkuta Ernesti kwenye karakana, anapiga randa.

Walisalimiana kwa Kishambaa, taratibu, wakaulizana habari za nyumba, za watoto, za mvua. Raheli akaleta uji. Isaka akaunywa mpaka chini, akafuta sharubu.

"Serafina anaolewa," alisema. Serafina alikuwa binti yake mkubwa.

"Mungu ni mwema. Tutakuja."

"Sikuja kukualika, Ernesti. Kadi ningeituma kwa basi. Nimekuja kukuomba uniokoe."

"Nikuokoe na nini?"

"Na besi." Isaka akaweka bakuli chini. "Ulipoondoka walinipa mimi, eti nina kifua kipana. Miaka minane naipiga na sijaipenda hata siku moja. Kule Kilole wakinisikia nafanya mazoezi wanasema nyati ameingia kwenye mahindi. Sasa ninamwoza mwanangu. Nitatembea naye hadi kanisani, au nitakuwa nyuma navimbisha mashavu? Na mke wangu ameapa harusi bila besi haendi."

Raheli alicheka. Ernesti hakucheka. Aliokota maranda, akayasokota vidoleni.

"Mtafuteni mwingine."

"Hayupo."

"Isaka, wewe ulikuwepo siku ile. Watu waliona."

"Waliona nini?"

"Damu. Nani atakubali kupuliza nilipopuliza mimi? Leo nipige, kesho nani aliweke mdomoni?"

Isaka alimtazama kama anayetazama mtu anayetafuta kofia huku ameivaa. Akaingiza mkono kwenye mfuko, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso. Kilikuwa kile kipande cha kupulizia, cha shaba, kimechakaa pembeni.

"Unakitambua?"

Ernesti alikitambua.

"Siku ile mimi ndiye niliyekiosha. Nikakichemsha na maji ya chumvi, nikakichemsha tena. Halafu nikakiweka mdomoni, kwa sababu kingine hatuna. Miaka minane, ndugu yangu. Nitazame. Nimekonda?"

Isaka alikuwa na tumbo lililobana vifungo vya koti la reli.

"Hakuna aliyeniambia," Ernesti alisema.

"Ulikuwa wapi wa kuambiwa?"

Raheli akaenda nje kuosha bakuli ambalo halikuwa na kitu cha kuoshwa.

Isaka aliondoka na basi la alasiri. Kile kipande alikiacha juu ya meza ya useremala, na Ernesti hakukirudisha. Kwa siku mbili alifanya kazi akikizunguka. Siku ya tatu alifunga mlango wa karakana, akakibana midomoni na kupuliza. Ilitoka sauti ya hewa tupu. Akajaribu tena, ikatoka kama mtoto anayemzomea mwenzake. Midomo ilikuwa imelegea, kama si yake. Lakini alijua la kufanya, na kila siku baada ya kazi alipuliza kidogo, akapumzika, akapuliza.

Jioni moja Mdoe alikuja akasimama uani.

"Jirani, nisamehe, sitaki kuingilia ya watu. Lakini umeanza kufuga bata mzinga?"

Raheli ndiye aliyemweleza, maana Ernesti alikuwa ameinama akicheka kwa mara ya kwanza tangu Isaka aje. Mdoe alisikiliza, akakubali kwa kichwa. "Basi apige kwa nguvu. Mbwa wangu wanakuwa macho, nguruwe hawaji kwenye muhogo."

Ijumaa ya kabla ya harusi, Ernesti aliomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Semboja, kwani ilikuwa zamu yake kwenye shamba la pamoja. Akapewa, yeye na mkewe wakapanda basi. Walipovuka daraja la mto Pangani, Raheli aliona mumewe ameshika ukingo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Mazoezi yalikuwa nyuma ya kanisa, Kilole, saa kumi jioni. Ernesti alitegemea mambo mawili: ama wangemkimbia, ama wangemwangukia na maneno ya kumkaribisha. Yote mawili aliyaogopa sawasawa. Bernardo, mpiga sauti ya tatu, alimpa mkono na kusema, "Habari za Misima? Mvua ipo huko?" Mwalimu Yordani, kiongozi wao, alikuwa anatafuta miwani yake na hakuinua kichwa. Besi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Ernesti akaibeba, akachomeka kile kipande, akajaribu vibonyezo. Kimoja kilikuwa kizito kama zamani.

Mwalimu Yordani akainua mkono.

Ernesti akavuta pumzi. Pumzi ile ilishuka, ikashuka, na akaisubiri ifike mahali ambapo ingemkwama. Haikukwama. Akapuliza. Sauti ikatoka nzito, ikitetemeka kidogo pembeni, ikaenda chini ya zile nyingine na kuzibeba. Mdomoni alisikia ladha ya shaba. Akangoja ladha nyingine, ile aliyoijua. Haikuja. Ubeti wa kwanza ukaisha, ukaja wa pili, na alipofika mahali palepale ambapo zamani wimbo ulikatika—

"Simama! Simameni wote." Mwalimu Yordani aligonga fimbo yake kwenye kiti. "Besi, unachelewa! Unatusubiri tupite ndipo uje? Wewe ndiye unayetutangulia, hukufundishwa?"

"Nimefundishwa, mwalimu."

"Basi tangulia. Ubeti wa pili, tena."

Ernesti aliinamisha kichwa haraka nyuma ya mdomo mpana wa tarumbeta. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakutaka yaonekane. Alikuwa amekaripiwa. Mtu wa kuhurumiwa hakaripiwi. Aliporudia ubeti wa pili hakuchelewa.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Isaka alimwingiza Serafina kanisani akiwa amevaa suti ya kuazima, uso wake unang'aa kwa jasho na kwa raha ya mtu ambaye hana mzigo begani. Ibada ilipoisha, msafara ukashika njia kuelekea kwa bwana harusi, Old Korogwe, matarumbeta mbele, wanawake wakipiga vigelegele nyuma yao. Jua lilikuwa kali. Pumzi za Ernesti hazikuwa za zamani. Alivuta mara mbili pale ambapo enzi zake angevuta mara moja, lakini alijifunza upesi mahali pa kuziiba.

Karibu na njia panda, lori lililobeba mkonge likawapita na kumwaga vumbi la barabara nzima juu yao. Ernesti alilimeza. Akakohoa. Akaondoa tarumbeta mdomoni, akakohoa tena, akainama. Raheli alikuwa pembeni mwa barabara na akina mama. Aliacha kupiga kigelegele katikati. Ernesti akatoa leso, akajifuta midomo, akaitazama.

Ilikuwa na vumbi jekundu la Korogwe. Hakuna kingine.

Wakati huo aligundua kwamba muziki haujasimama. Bernardo alikuwa ameshuka na sauti yake ya tatu, anazishika zile noti za chini kadiri ya uwezo wake, vibaya, huku anamtupia jicho la kumlaumu kama anayesema: rudi mahali pako, mimi hapa si kwangu. Ernesti akaikunja leso mfukoni, akahesabu mapigo, akaingia. Bernardo akapanda zake juu kwa furaha iliyosikika.

Walipofika kwa bwana harusi na matarumbeta yakawekwa chini kivulini, bibi mmoja mfupi wa mtaani, Bibi Mashavu, alimjia Ernesti akiwa anakunywa maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyekuwa ukipiga hili kubwa kabla ya yule Isaka?"

Ernesti alishusha bilauri. "Ni mimi, bibi."

"Nilijua tu. Nilisikia nikiwa ndani, nikasema hili leo limepata mwenyewe." Akamtazama kwa makini. "Ulihamia wapi? Sisi tulisema labda reli imekuhamisha, umepelekwa Tabora."

"Hapana, bibi. Niliugua. Hamkusikia? Pale makaburini, kwenye mazishi..."

Bibi Mashavu alifikiri. Aliweka kidole shavuni, akafikiri zaidi, kwa adabu, akitaka kumsaidia. "Mazishi ni mengi, mwanangu. Pole. Lakini sasa umepona?"

"Nimepona."

"Alhamdulillahi. Kale pilau, limeanza kupakuliwa."

Akaenda zake. Ernesti alibaki na bilauri mkononi. Kitu alichokikimbia hadi Misima, alichokipitia mbali kila alipokuja kununua misumari, bibi huyu hakuwa nacho hata kidogo kichwani. Labda wengine walikuwa nacho. Lakini walikuwa wanakula pilau.

Jioni, kabla ya basi la mwisho, wapigaji walikaa kwenye mkeka. Isaka alitangaza mbele ya wote kwamba besi ameirudisha kwa mwenyewe na asije mtu akamgongea mlango tena. Mwalimu Yordani akasema mazoezi ni kila Jumamosi. Ernesti akasema Misima si Manundu hapo mtaa wa jirani, na ana shamba la kijiji na madawati ya watu. Wakabishana kwa muda, kila mmoja akisema wake, mpaka ikakubaliwa kwamba atakuja Jumamosi moja kila mwezi, na sikukuu zote, na kwamba Bernardo atajitahidi siku nyingine, jambo ambalo Bernardo hakuulizwa.

Basini Raheli alipata kiti cha dirishani. Ernesti alikaa kando yake, midomo imevimba kama aliyeumwa na nyuki. Walivuka mto, wakapita mashamba ya mkonge, na hapo ndipo alipouliza.

"Tulisikikaje?"

"Vizuri."

"Sema kweli."

Raheli alifikiri. "Besi ilikuwa na sauti mno, Baba Elieza. Pale kwa bwana harusi, mchungaji alikuwa anaomba baraka na wewe bado unapiga. Hakuna aliyesikia amina."

"Mwalimu hakunipa ishara ya kuacha!"

"Alikupa. Alikupa mara tatu."

Ernesti alianza kucheka, akashika midomo yake kwa maumivu, akashindwa kujizuia, akacheka hivyohivyo ameifunika kwa kiganja, mpaka abiria wa mbele wakageuka kutazama kuna nini.