Maji ya Beseni la Ubatizo

Mchungaji Ndambiri alichovya vidole ndani ya beseni, akavitoa, akavinusa. Mtoto alikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, amevikwa shali jeupe, kanisa limejaa hadi mlangoni, na mchungaji wetu amesimama pale mbele akinusa vidole kama mama anayetaka kujua kama maziwa yameharibika.

"Maji haya yametoka wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa mtu wa Embu, bado mgeni kwetu, na nadhani alifikiri kuna mtu aliyechanganya vyombo. Wazee wa kanisa walitazamana. Akina mama wa kwaya walitazama paa. Mimi, ambaye zamu ya kutayarisha beseni ilikuwa yangu, nilisimama.

Mpaka leo watu husema kwamba Mama Kaari alileta vurugu kanisani. Mimi vurugu sikuleta. Nilileta maji.

Kijiji chetu kiko chini ya Githongo, kwenye mteremko wa kahawa. Mlima uko juu yetu, msitu uko juu yetu, na kila anayetutembelea husema, "Nyinyi mmebarikiwa, mnakunywa maji ya mlima." Maji ya mlima! Kati ya mlima na mdomo wangu palikuwa na kiwanda cha kahawa. Msimu wa kuchuma ukifika, kiwanda kilikoboa bila kupumzika na kutema uchafu wake mtoni, maji mazito ya rangi ya chai ya jana, yenye harufu ya maganda yaliyooza. Ukingoni palisimama choo cha vibarua, cha mabati, kimeinamia mto kama kinataka kuoga. Na chini ya hayo yote ndipo bomba letu lilipochota.

Usiniulize kwa nini. Mtaro wa bomba hilo tuliuchimba wenyewe kwa majembe, wanawake wengine wakiwa na watoto mgongoni, na tulipokaribia kiwanda mabomba yakaisha. Kamati ikasema tuchotee hapo kwa sasa. "Kwa sasa" ya kamati ni ndefu kuliko maisha ya mtu.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Mzee Muthamia. Mwenyekiti wa chama cha kahawa alikuwa Mzee Muthamia. Ukitaka kumshtaki Muthamia, ulimshtaki kwa Muthamia. Na kiwanda chenyewe hatukuthubutu kukitukana sana, maana ndicho kilichosomesha watoto na kuezeka nyumba zetu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka wa themanini na sita Kaari wangu aliugua taifodi. Alikuwa darasa la tano, miguu mirefu, haachi kukimbia. Akapona. Akaugua tena. Mara hiyo ya pili daktari alinivuta kando kwenye veranda ya hospitali, akaniambia utumbo wa mtoto umechakaa, na kwamba akiugua tena unaweza kutoboka.

"Mchemshie maji, mama."

Nilikuwa nachemsha! Kuni zangu ziliisha kwa kuchemsha. Lakini shuleni je? Bomba la shule lilikuwa lile lile. Nilimfungia chupa ya maji yaliyochemshwa, akarudi nayo imejaa, kwa sababu wenzake walimcheka kwamba anatembea na dawa. Mtoto akitoka kucheza mpira, koo limekauka, anaweka mdomo bombani kama wenzake. Utamfunga kamba?

Kwa hiyo Kaari akiwa bado amelazwa, nilikwenda ofisini kwa bwana afya, nikakaa kwenye benchi mpaka akachoka kuniona. Nilitaka jambo moja tu. Bomba lifungwe msimu wa kahawa, au likachote juu ya kiwanda, kabla mtoto wangu hajarudi shule. Akakubali kuja kuyapima maji. Akampelekea chifu habari, chifu akaipelekea kamati, na siku ikapangwa.

Siku hiyo mimi nilikuwa wodini, nimeshika mkono wa Kaari. Niliporudi nyumbani jioni, wifi yangu Lydiah alinipokea njiani, uso unang'aa.

"Wifi, hatukukuaibisha," alisema. "Tuliwapikia mpaka wakashindwa kusimama."

Lazima uelewe mambo yetu. Mgeni kwetu hapewi maji ya bomba. Ni aibu. Chai ya maji yale ilifanya utando juu na kunuka maganda, kwa hiyo mgeni wa maana akitarajiwa, wanawake waliamka alfajiri, wakavuka bonde hadi kwenye kithima, ile chemchemi ya zamani inayotoka chini ya mawe, wakapanda mteremko na mitungi mgongoni. Ndivyo mama zetu walivyofanya, ndivyo tulivyofanya sisi. Siku ya bwana afya akina mama walijaza pipa zima la jikoni kwa Lydiah. Wakapika kuku, mukimo na chapati. Wageni wakala. Mvua ikaanza, njia ya kushuka kwenye tangi la kijiji ikawa utelezi mtupu, na bwana afya alikuwa amevaa viatu vya ofisini. Mzee Muthamia akamwambia, mbona ujisumbue, maji si haya hapa? Wakajaza vichupa vyao, wakashukuru kwa chakula, wakaenda.

"Walijaza kutoka wapi?" nilimwuliza Lydiah.

"Kwenye pipa. Lile la jikoni, tulilolijaza maji ya..."

Akaweka mkono mdomoni. Maskini Lydiah, machozi yalimtoka pale pale njiani, na mimi sikuwa na nguvu ya kumbembeleza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona.

Majibu yalisomwa kwenye baraza la chifu: maji ya kijiji ni safi na salama kwa matumizi ya binadamu. Watu wakapiga makofi. Niliinuka nikaeleza habari ya pipa, nikaeleza mpaka sauti ikanikauka.

"Mama Kaari," Mzee Muthamia alisema, akitabasamu kama anayemwongoza mtoto, "wataalamu wamepima. Wewe umepima na nini?"

Walicheka. Nimesamehe mambo mengi maishani, lakini kicheko kile bado. Hata mume wangu Bundi, mtu mpole, aliniambia jioni nilegeze kidogo, kahawa yetu ilikuwa bado kiwandani haijalipwa. Nilimwambia mtoto wetu naye bado hajalipwa.

Kaari akarudi shule. Kila alipolalamika tumbo, hata kwa njaa ya kawaida, nilimpapasa paji la uso kuona kama ana homa.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Nilikuwa nikianika mahindi uani nilipomwona Mzee Muthamia akiingia langoni. Mzee yule hakuwa na desturi ya kubeba kitu, wana na wakaza wana walimbebea, lakini siku hiyo alikuwa ameshika mtungi kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake mjukuu wake wa kwanza angebatizwa, mtoto wa mwanawe, aliyepewa jina la babu kama ilivyo desturi yetu. Muthamia mdogo.

"Zamu ya beseni ni yako," alisema. "Utumie haya. Ni ya kithima."

"Na ya bomba yana nini, Mwenyekiti?"

Aliitazama migomba yangu kana kwamba amekuja kuikagua. "Usinianze, Mama Kaari. Ni mtoto mdogo."

"Si ni matone tu? Kwenye paji la uso?"

"Ni mtoto mdogo," alirudia. Akauweka mtungi chini, akaenda zake.

Nilibaki nikiutazama mtungi ule. Kumbe alijua! Alijua siku zote. Matone kwenye paji la uso wa mjukuu wake yalikuwa hatari, lakini vikombe ndani ya tumbo la mwanangu vilikuwa salama kwa matumizi ya binadamu. Maji ya kithima nilimpa Kaari akanywa. Jumapili asubuhi nilifungua bomba la kanisa, nikajaza beseni, nikalifunika kwa kitambaa cheupe nilichokipiga pasi vizuri sana.

Ndiyo maana Mchungaji Ndambiri alipouliza, nilikuwa na jibu.

"Yametoka bombani, Mchungaji. Ndiyo tunayokunywa."

Mzee Muthamia aliruka kutoka kiti cha mbele. "Uongo! Mimi mwenyewe nilimpelekea maji safi jana!"

Nadhani aliyasikia maneno yake baada ya sisi kuyasikia. Peninah, mama wa mtoto, alinyoosha mikono, akamtwaa mwanawe kutoka kwa mchungaji taratibu, akamfunika uso kwa shali. Kutoka kwenye kwaya Lydiah akasema kwa sauti, "Haya basi!"

Nikajiambia, limekwisha. Kila mtu amesikia. Kesho watapanda juu na majembe, walihamishe bomba hili.

Mchungaji alifunika beseni na kuomba maji mengine. Vijana wakatumwa mbio nyumbani kwa Mzee Muthamia, ambako mitungi ya kithima, wakasema waliporudi, ilikuwa imepangwa jikoni kutoka ukuta hadi ukuta. Sisi tuliimba mpaka maji yakafika. Mtoto akabatizwa, akapiga mayowe kama watoto wote, watu wakaenda kwa babu yake kula. Mimi nilikwenda nyumbani.

Wiki hiyo wazee wa kanisa walikutana, na mchungaji akaja kunipa habari. Aliketi kwenye kigoda changu, kofia magotini.

"Jambo lako wamelisikia, Mama Kaari. Wamekubaliana kanisa liwekewe mifereji na tangi la maji ya mvua. Kwa ajili ya ubatizo."

"Na bomba?"

"Bomba si la kanisa."

"Na watoto wa shule, Mchungaji, hao ni wa nani?"

Aligeuza kofia yake, akaigeuza tena. Alikuwa mtu mwema, na wema wake haukunisaidia kitu. Tangi lilikuja, zuri, la mabati, lina mfuniko na kufuli. Ufunguo alipewa Mzee Muthamia. Mimi nikaondolewa kwenye zamu ya beseni. Nilicheka siku hiyo mpaka nikalia.

Msimu uliofuata sikuungoja. Nilimfungia Kaari sanduku, nikampeleka kwa dada yangu kule Kanyakine, ambako shule ilikuwa na kisima chake kizuri. Tulipofika, dada yangu alipoingia ndani kuweka chai, Kaari akaniuliza, "Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Basi mbona ninayehamishwa ni mimi?"

Nilitaka bomba lihame. Akahama mtoto. Alipona kabisa kule, akanenepa, akasoma, na alipokuwa akija likizo aliomba ruhusa kabla ya kufungua kabati la nyumba yetu.

Hayo ni ya zamani. Mzee Muthamia alikufa, tukamzika vizuri. Bundi wangu naye ametangulia. Serikali zimekuja na kwenda, sasa kuna kaunti, kiwanda kimepakwa rangi mpya, na tangi la kijiji limeandikwa maneno ya kupendeza. Mwenyekiti wa maji ni Muthamia. Ndiyo, yule wa shali jeupe. Ni kijana wa adabu, akinipita huniita cucu, yaani nyanya, na kuniambia mradi mpya uko njiani. Mimi humwuliza bomba linachota wapi. Hujibu, "Pale pale, cucu, kwa sasa."

Kaari anakaa mjini, upande wa Kinoru, na Krismasi huja kunisalimia. Mtoto akija kwa mama yake kwetu huleta sukari, majani ya chai, mkate. Wangu naye huleta, hajawahi kukosa. Lakini kabla ya hayo yote hufungua buti ya gari, akashusha mitungi ya maji mmoja mmoja, akaipanga jikoni kwangu karibu na mlango. Watoto wake hawakaribii bomba la uani, walishafundishwa.

Namtandikia kitambaa mezani. Nampikia chai kwa maji aliyokuja nayo, naye hupokea kikombe kwa mikono miwili na kunishukuru sana. Mgeni kwetu hapewi maji ya bomba.