Droo ya Glavu za Kulia

Glavu ya kushoto ndiyo hufa kwanza. Burgi alilijua hilo miaka mingi, na alikuwa amelikubali kama watu wanavyokubali kwamba soksi hupotea moja moja. Yeye hakushuka mlima kwa kurukaruka kama vijana. Alichonga: aliulaza ubao wake wa theluji juu ya ukingo, akaulaza na mwili mpaka karibu uguse chini, na nyuma yake ukabaki mchoro mwembamba, safi, kama uliopigwa rula. Kila alipolalia kifua, mkono wa kushoto ulikwenda ukipapasa theluji. Na theluji si pamba, jamani. Ile ya kutengenezwa kwa mashine, ikishapigwa na baridi ya usiku, ni msasa mtupu.

Januari hiyo msasa uliila glavu mpaka ukafika kwenye nyama. Jumatatu asubuhi, saluni, akiwa anamkata nywele mke wa mwokaji mikate, mkasi, ambao siku zote huushika kwa mkono wa kushoto, ulimponyoka ukaanguka sakafuni. Kidole cha shahada kilikuwa cheupe kama mshumaa na hakikusikia kitu. Bintiye Verena, aliyefanya kazi kiti cha pili, aliona. Alingoja mteja alipe, aage, afunge mlango.

"Mama, lete hapa hicho kidole."

"Kizima."

"Nikikibana na kibanio utasikia?"

Burgi akajifanya anafagia nywele.

"Daktari alikwambia mwaka jana, kikiganda tena ndiyo basi. Utashika mkasi kwa nini, kwa meno?" Verena akamnyang'anya ufagio. "Haya, tukubaliane. Tafuta glavu zitakazofika Pasaka bila tundu. Glavu, siyo porojo. Zikitoboka kabla ya hapo, ubao nauuza mimi."

Burgi akakubali, na moyoni akaogopa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mume alikwisha kumzika, na kutwa nzima alisikiliza habari za watu waliokaa kitini kwake. Juu ya ubao tu ndipo aliposikia upepo peke yake. Kuuza ubao kwake kulikuwa kama kuambiwa ahamie chumba kisicho na dirisha.

Alianzia kwa Plattner, muuza vifaa vya michezo pale chini ya lifti ya kupandishia watu mlimani, ambaye glavu zake nzuri hukaa nyuma ya kioo kama dhahabu. Burgi alizigeuza ndani nje.

"Bitana haitoki?"

"Imeshonewa humo humo. Ndiyo teknolojia yenyewe, Burgi."

"Yaani ikilowa nikae nyumbani siku mbili naitazama ikikauka?"

"Kuna mashine ya kukaushia. Nayo tunauza."

"Sikuwa na shaka." Akasoma kikaratasi cha bei, akakisoma tena. "Na mbuzi mwenye ngozi yake, naye yumo humu, au anakuja baadaye?"

Plattner akacheka, maana alizoea, akamwonyesha kikapu cha bei poa karibu na mlango. Huko Burgi alivuta ncha za vidole moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na mshono palepale nchani, mahali ambapo theluji huuma kwanza. Rahisi ni ghali, akasema kwa sauti, ili na wateja wengine wasikie, akatoka.

Akaishia alikoishia siku zote, kwenye duka la wakulima, kwenye rafu iliyo kati ya chumvi ya ng'ombe na minyororo ya matrekta. Huko kuna glavu za njano za ngozi ya mbuzi, zile wanazovaa wakata magogo na wafanyakazi wa lifti, zisizo na jina la mtu wala picha ya mlima. Ngozi yake imekunjwa kupita juu ya ncha ya kidole, na mshono umejificha kwa nyuma. Alichukua za kiume, kubwa, zenye nafasi ya kuvalia glavu ya sufu ndani, ambayo hutolewa ikakaushwa juu ya jiko wakati mtu anakunywa chai. Nyumbani akayeyusha nta ya nyuki, akazipaka, akaziingiza katika oveni kwa moto mdogo kabisa, mlango umeachwa wazi kidogo. Hakuna mtu bondeni kwao asiyemjua fulani aliyeufunga mlango huo akatoa glavu za kumtosha mwanasesere.

"Mama," alisema Verena jioni, mdomo umejaa, "keki hii ya oveni ile ina ladha ya mishumaa ya kanisani."

"Kula, utabarikiwa."

Glavu zilikuwa nzuri, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mtu akipata glavu nzuri hulala chini zaidi. Februari yote Burgi alilala chini zaidi, anacheka peke yake, na wiki ya kanivali, ile sherehe ya kabla ya Kwaresima, ilipofika, ncha ya kushoto ilikuwa imekwisha kuwa ganda la kitunguu. Kisha pakatokea tundu la kuingia dengu. Alilibandika kwa gundi ya viatu. Gundi ilidumu nusu asubuhi.

"Tundu," alisema Verena.

"Dogo."

"Tundu ni tundu. Jumamosi kuna kijana wa bonde la pili anakuja kuuangalia ubao."

Burgi hakubishana, kwa kuwa ahadi alikuwa ameitoa kwa mdomo wake. Alikwenda chumbani kuiweka ile glavu ya kulia, iliyokuwa bado mpya kabisa, na Verena akamfuata kumbembeleza, maana kushinda nako kulimuuma. Droo ikafunguliwa. Ndani zilijaa glavu za njano, zimepangwa, na zote zilikuwa za mkono wa kulia.

"Mama! Hizi zote? Unamsubiri mtu mwenye mikono miwili ya kulia?"

"Nani hutupa glavu nzima?"

"Mbona nilipokuwa mdogo hapakuwa na droo hii?"

Burgi akakaa kitandani. "Zamani kulikuwa na Romed."

Romed ni kaka yake. Kwenye ubao Burgi hutanguliza mguu wa kushoto, Romed wa kulia, basi kila kitu chao kimepishana. Wakiteremka, Burgi uso wake hutazama upande wa kulia wa mlima na mgongo uko kushoto. Romed kinyume chake. Burgi huua glavu za kushoto, Romed za kulia. Na viganja vyao ni vya baba, vipana, wote wawili saizi moja. Kila kanivali, baada ya supu yenye matonge ya mkate, walikuwa wakimwaga mezani glavu zao zilizobaki, wakabadilishana huku wakitukanana kama wachuuzi. Hakuna kati yao aliyenunua glavu kila mwaka.

Halafu, miaka mitatu nyuma, siku ya mwisho ya msimu, waligongana mgongo kwa mgongo, kila mmoja akiwa upande asiouona mwenzake. Burgi alivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Sheria ya mlimani ni moja: aliye juu ndiye humkwepa aliye chini. Na kila mmoja aliapa, mbele ya daktari na mbele ya padri, kwamba yeye ndiye aliyekuwa chini. Tangu hapo salamu yao ilikuwa kuinuliana kidevu nje ya kanisa.

Verena alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kidole chako kinaganda kwa sababu mjomba hakusema samahani."

"Wala mimi sikusema."

"Afadhali umelisema wewe."

Ijumaa, saluni ilipofungwa, Burgi alivuka daraja na mfuko wa glavu za kulia. Njia nzima alijiambia kwamba anakwenda kwa biashara tu. Miguu haikuamini, ilisita kwenye ngazi za mlango kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Hodi."

Romed alifungua. Alikuwa amezeeka kidogo, nywele zimekatwa vibaya na mtu asiyejua kazi. Akautazama mfuko.

"Umeleta nini, viazi?"

"Za kulia."

"Zote?"

"Ulitaka nibakize za kupikia?"

Romed akautazama mkono wa kushoto wa dada yake, kile kidole kilichokuwa bado na rangi mbaya, akasogea mlangoni apite. Wakaingia jikoni. Aliinua kifuniko cha benchi lililo karibu na jiko, na humo chini zilikuwa zimelala glavu za njano za kushoto, moja juu ya nyingine.

Burgi akachukua ya juu. Ilikuwa laini, na ilimnata vidoleni. Ilinuka asali na utomvu wa msonobari, nta ya nyuki wa Romed mwenyewe, mchanganyiko wa baba yao, ambao dukani hauuzwi. Akachukua iliyofuata. Akaingiza mkono mpaka chini kabisa akavuta ya mwisho, ile ya zamani kuliko zote, ambayo ilipasa kuwa imekauka kama gome. Nayo ilikuwa laini.

"Umezipaka lini hizi?"

"Novemba." Romed alikuwa anahangaika na mlango wa jiko, ambao haukuwa na tatizo lolote. "Kila Novemba."

"Za kushoto? Wewe za nini, huzimalizi."

"Ngozi isipopakwa hufa."

"Hilo si jibu, Romed."

Akaufunga mlango wa jiko. "Nilijua kidole chako kitachoka kabla ya kiburi chako. Nikasema, siku akija, zisiwe kavu."

Burgi akalia, na hakujificha. Alikaa juu ya benchi, glavu mapajani, akalia kwa uchungu wa misimu mitatu na kwa furaha, na Romed akasimama karibu asijue mikono yake aiweke wapi.

"Ila ulikuwa juu," alisema Burgi mwishowe, akifuta pua.

"Wewe ndiye uliyekuwa juu."

"Mwongo kama baba."

"Kuna supu. Halafu unirekebishe hizi nywele, nimeambiwa nafanana na kondoo."

"Kondoo wangelalamika."

Jumamosi yule kijana alipokuja, Verena alimpa chai na kumwambia ubao hauuzwi tena. Kijana akataka kujua umeharibika nini. Verena akamjibu kwamba umepona.

Jumapili theluji ilikuwa ngumu na jua limetoka. Juu ya mteremko kaka na dada walifunga mikanda ya mbao zao. Burgi akatazama upande wake, wa kulia, mpaka kule juu. Kisha, badala ya kugeuza shingo kuangalia nyuma ya mgongo kama alivyojifunza kufanya tangu siku ile ya kugongana, aliuacha mgongo wake ulivyo.

"Kushoto?" aliuliza.

"Hakuna mtu," alisema Romed. "Nenda."

Akaenda, akaulaza ubao, akaushusha mkono chini mpaka ukagusa theluji.