Mshale wa Kuazima

Sindano, kama majirani walivyomwita kwa sababu ya kazi yake ya ushonaji, aliwinda na shemeji yake seremala, mdogo wa mumewe, kila walipopata kibali cha kupunguza nguruwe pori walioharibu mashamba. Walipatana kwa kila jambo isipokuwa sumu. Seremala aliipaka kwenye ncha za mishale yake. Sindano hakutaka hata kuisikia. Alisema mnyama ashindwe na mkono wa mtu, si na kichupa. Shemeji yake akajibu kwamba nguruwe hajali ameshindwa na nani, mradi asiteseke. Wakataniana hivyo njia nzima, wasichoke.

Asubuhi moja nguruwe mkubwa alisimama ubavu wazi. Sindano akavuta upinde, akaachia. Mnyama akageuka kidogo tu, mshale ukamwingia tumboni, akatimka.

Walifuata damu mpaka jua likawa la utosi. Utani uliisha wenyewe. Walimkuta kichakani anakoroma, na kila walipomkaribia alijikokota mbele. Palikuwa na upenyo mdogo, mguu wa nyuma tu ndio ulioonekana.

"Shemeji," alisema Sindano, "niazime mmoja wa kwako."

Seremala alimpa mshale, akamwonya asiguse ncha. Sindano akaulenga, ukampata nguruwe pajani, na haukupita muda mrefu kichaka kikanyamaza.

Jioni, karakanani kwa seremala, katikati ya vumbi la mbao na harufu ya gundi, shemeji aliuliza taratibu kama sasa Sindano naye ataanza kupaka sumu.

"Hapana," alisema Sindano. "Leo sumu imenisitiri. Nikiizoea nitaacha kulenga."

Seremala alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alikiri kwamba siku hizi yeye huachia mshale popote, kiunoni, mguuni, kwa kuwa anajua sumu itamaliza kazi. Nguruwe wawili walishampotea hivyo, wakafia asipojua.

Basi wakakubaliana: Sindano atabeba mshale mmoja wenye sumu, wa kumaliza aliyejeruhiwa, na seremala hataachia mshale ambao asingeuachia bila sumu. Wakajaza gunia maranda, wakalitundika uani liwe shabaha. Mshale wa kwanza wa seremala ulichoma kopo la vanishi, ikamwagika hadi mlangoni, na Sindano akacheka mpaka akakaa chini.