Mtungi wa Wageni

Mdomo wa mtungi ulikuwa mwembamba, ndiyo maana walimchagua Chibalonza. Alivua viatu, akainua mikono kama mtoto anayevishwa shati, akateremka kwa ngazi ya kamba mpaka nyayo zake zikazama kwenye machicha baridi ya divai. Mtungi wenyewe ulimzidi kimo. Ulikuwa umefukiwa hadi shingoni, ndani ya ghala moja la Wetherill Park, pale kampuni ilipopasua sakafu ya saruji na kujaza mchanga. Alisugua kwa burashi mpaka mabega yakawaka, na kila alipovuta pumzi kichwa kilizunguka.

Kampuni ilikuwa ya Craig. Iliwapeleka watu wa Sydney nchini Georgia, kule milimani kati ya Urusi na Uturuki, kuonja divai inayochachushwa mitungini tangu enzi za kale. Kabla ya safari, wateja waliletwa hapa Jumamosi waonje kidogo, wasikie hadithi, kisha watoe kadi zao za benki. Divai ililetwa kwa mapipa, ikamiminwa mitungini ili ichotwe mbele ya macho yao. Mitungi waliipiga picha sana. Aliyeisugua hawakumjua, maana walipofika alikuwa ameshafichwa jikoni anaosha glasi.

"Mama Fidèle, toka." Alikuwa Mutanu, msimamizi, binti wa Kikenya aliyesomea mambo ya hoteli. "Yule msichana wa kumimina amepiga simu, ati ni mgonjwa. Oga, vaa aproni. Leo wewe ndio uta-serve."

"Miye? Na Kizungu yangu hii?"

"Kizungu ya nini? Una-smile, unamimina. Craig amesema ukifanya poa, Monday tunaongea mambo ya permanent."

Neno hilo Chibalonza alilijua kuliko neno lolote la Kiingereza. Wakala wa nyumba kule Doonside alimwambia bila kuuma maneno kwamba hampi ufunguo mtu wa kibarua. Yeye na watoto wake wawili, Fidèle na mdogo wake, walikuwa wakilala sebuleni kwa rafiki yake Katungu, Granville, na Katungu alishasema wakwe zake wanakuja mwisho wa mwezi. Hakusema wao waende wapi. Katungu alikuwa mtu mwema, ila wema nao huchoka.

Alioga, akavaa aproni, akasimama kando ya meza ndefu. Wageni ishirini hivi waliketi. Craig aliinua pembe ya ng'ombe iliyojaa divai, akawaeleza kwamba huko Georgia mgeni ni zawadi ya Mungu, na kwamba pembe hii haiwekwi chini, inapita kutoka mdomo hadi mdomo. Ikapita. Watu wasiojuana walinywa pale pale alipotoka kunywa mwenzao, rangi ya midomo ya mwanamke mmoja ikahamia kwenye masharubu ya jirani yake, wakacheka wote. Chibalonza naye akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu afike nchi hii aliona Wazungu wanakunywa kama watu wa kwao, na moyo wake ukafunguka.

Kisha ikaja zamu ya glasi. Alimimina vizuri mpaka akamfikia bibi mmoja mwenye mvi. Divai ilikuwa ya rangi ya chai, yenye ukungu. Bibi akaiinua kwenye mwanga, akakunja uso, akamtazama Chibalonza.

"Ni salama kweli?" akauliza.

Kiingereza hicho Chibalonza alikielewa. Na woga ule aliujua. Kwao Walungu, mashariki mwa Kongo, mtu hampi mgeni kasiksi, ile pombe ya ndizi, kabla hajaionja mwenyewe mbele yake. Ukimpa hivi hivi, umemwambia ajihadhari, huenda umetia sumu. Aliwahi kumwona baba mzima akitua kibuyu chini na kuondoka bila kuaga kwa sababu mke wa mwenyeji alisahau kuonja. Basi akafanya alivyofanya mama yake miaka yote. Aliichukua glasi kwa heshima, akanywa funda moja dogo, akatabasamu, akamrudishia bibi kwa mikono miwili.

Vichwa vyote mezani vikamgeukia.

"Unatoka wapi wewe?" akauliza mwanamume mmoja.

"Congo," akasema, bado anatabasamu.

Ilikuwa Oktoba 2014, na kila jioni televisheni ilionyesha ramani ya Afrika na watu waliovaa mavazi ya plastiki. Mwanamume akatoa simu, akasoma kwa sauti. "Ebola. Inasema hapa ni jina la mto wa huko huko kwao." Bibi akaisukuma glasi kwa ncha ya kisu. Mke wa yule mwenye simu akavuta kiti nyuma.

Craig hakupaza sauti. Mtu kama yeye hana haja ya kupaza sauti. Aliwaomba radhi wageni, akamwambia Mutanu neno, na Mutanu akamshika Chibalonza ukanda wa aproni, siyo ngozi, akamtoa kwa mlango wa nyuma.

"Mama Fidèle, nani alikutuma kunywa ya mgeni?"

"Nilimuonjea, dada. Alikuwa na woga."

"Craig anasema ukae nyumbani three weeks. Ukiwa fit, tutaona."

"Ugonjwa iko mbali, Afrika ya magharibi. Miye niko hapa miaka mbili. Batoto yangu bako masomo hapa. Umwambie."

"Najua. Hata mimi ni Mwafrika, unadhani sijui? Lakini wale wamelipa."

"Na ile ya Monday?"

Mutanu alitazama kiatu chake. "Mwenye nguvu mpishe, Mama Fidèle."

Kupitia mlango Chibalonza aliona glasi yake ikitupwa kwenye mfuko wa taka na mkono uliovaa glavu. Pembe ilikuwa imejazwa tena, inapita. Alitembea mpaka kituo cha basi huku analia kwa hasira, na aibu, ambayo hakujua ni ya nini.

Alhamisi simu ikalia.

"Mitungi imechafuka na hakuna mtu anatoshea," Mutanu alisema. "Njoo kesho, back door. Hakuna mgeni atakuona."

"Na three weeks?"

"Hiyo ni ya kumimina. Hii ni ya kuosha."

Alikwenda. Katungu alikuwa ameshaanza kupanga masanduku ya Chibalonza na watoto karibu na mlango. Ijumaa asubuhi akavua viatu, akateremka, akapiga magoti kwenye machicha, mwili mzima, nywele, jasho, mate, ndani ya mtungi ambao kesho yake ungejazwa. Alikuwa hajafika nusu aliposikia mlango mkubwa wa ghala ukivutwa na sauti za watu wengi. Kundi la Jumamosi lilikuwa limeletwa siku moja kabla.

Ngazi ya kamba ilipanda juu. Uso wa Mutanu ukatokea, kidole midomoni.

"Dakika kidogo tu," alinong'ona. "Craig amesema usikohoe."

Kifuniko cha mbao kikasukumwa juu ya mdomo wa mtungi, ukabaki mstari mwembamba wa mwanga. Chibalonza alichuchumaa, burashi kifuani, akavuta hewa iliyokuwa tamu na nzito. Viatu vikakusanyika juu ya kichwa chake. Kamera zikalia. Kisha akasikia sauti ya Craig, changamfu, karibu kabisa, ikiwaambia wasogee, wauguse mtungi kwa mikono yao, maana huko unakotoka mgeni ni zawadi ya Mungu.